Nyanya za Masika au Nyanya za Kipupwe: Ulinganisho kwa Mkulima wa Nyanda za Chini

Mkulima wa nyanya aliyeko Morogoro, Ruvu, Bagamoyo au mahali pengine penye joto katika nyanda za chini za mashariki mwa Tanzania ana uamuzi mmoja wa kufanya kabla hajanunua hata pakiti moja ya mbegu. Ama apande mapema ili nyanya zake zichanue na kuzaa ndani ya masika, bei zikiwa juu, ama asubiri mvua zipungue ili zichanue katika kipupwe, bei zikiwa chini. Wengi wetu huanza na swali la mbegu, kisha la mbolea, kisha la dawa, na msimu huachwa ujiamulie wenyewe kwa kufuata siku fedha zitakapopatikana. Naona mpangilio huo umekaa kinyume, kwa kuwa msimu ndio unaoamua ni adui gani atakayeingia shambani, na mbegu, mbolea na dawa ni majibu tu kwa adui huyo.

Tukubaliane kwanza kuhusu kalenda. Kwa kawaida masika huanza Machi na kuisha Mei; kipupwe ni Juni hadi Agosti, kusi inapovuma na usiku kuwa na ubaridi; kisha hufuata vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na baada yake joto kali la kaskazi katika Januari na Februari. Miche ya nyanya hukaa kitaluni wiki 4 hivi, huchanua wiki 4 hadi 5 baada ya kupandikizwa, na matunda huanza kuchumwa siku 60 hadi 75 baada ya kupandikiza, kutegemea aina. Kwa hiyo nyanya ninayoiita ya masika ni ile inayosiwa mwishoni mwa Januari, ikapandikizwa mwishoni mwa Februari, ikachanua chini ya mvua za mwisho wa Machi na Aprili, na kuchumwa Mei na Juni. Nyanya ya kipupwe husiwa katikati au mwishoni mwa Aprili, hupandikizwa katika nusu ya pili ya Mei, huchanua Juni na kuchumwa kuanzia mwisho wa Julai hadi Septemba. Kalenda hii inakaribiana na ya Kwale na Kilifi katika pwani ya Kenya, lakini haiwahusu wakulima wa Ilula mkoani Iringa, wala wa Mgeta na Lushoto milimani, ambako mvua na baridi vina mpangilio wa peke yake na adui mkubwa ni bakajani chelewa, ugonjwa unaopenda ubaridi na unyevu kwa pamoja.

Joto lenyewe linastahili kutangulia magonjwa. Nyanya hustawi vizuri zaidi joto la mchana likiwa kati ya nyuzi 21 na 27, na la usiku kati ya 15 na 20. Mchana ukizidi nyuzi 32 kwa siku kadhaa mfululizo, na hasa usiku ukishindwa kushuka chini ya 22 au 23, chavua hupoteza nguvu, ua halishiki, na asubihi mkulima hukuta maua ya njano yamepukutika chini ya mmea ambao kwa majani unaonekana wenye afya kabisa. Watu hudhani ni ukosefu wa mbolea na kuongeza naitrojeni, jambo linalozidisha majani na kupunguza zaidi maua. Dar es Salaam usiku wa Februari hukaribia nyuzi 25, na wa Julai hushuka hadi karibu 19. Morogoro, iliyo juu kidogo na mbali na bahari, Julai hufika 15 au 16. Kwa kigezo hiki peke yake kipupwe kinashinda bila ubishi, kwa kuwa ndicho kipindi pekee cha mwaka ambacho usiku wa nyanda za chini huipa nyanya nafasi ya kutunga tunda kila kichala, na joto la mchana lisipozidi nyuzi 30 rangi nyekundu nayo hujengeka sawasawa badala ya tunda kubaki la rangi ya chungwa lenye mabega ya njano.

Masika humpa mkulima kitu kimoja cha thamani, nacho ni maji asiyoyalipia, na humpokonya vingine vingi. Jani linaloloa kila siku ni mlango wazi. Bakajani wahi, unaojulikana kwa madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara kama shabaha, huanzia majani ya chini na kupanda juu, na huenea kwa kasi penye joto na unyevu, yaani hali halisi ya masika ya nyanda za chini. Madoa ya bakteria huambatana nao, yakirushwa kutoka mmea hadi mmea na matone ya mvua na kwa mikono ya watu wanaopita shambani majani yakiwa bado na maji. Kiuakuvu cha kukinga kama mankozebu hukaa juu ya jani tu, hivyo mvua kubwa ya saa moja inaweza kuiosha kazi ya jana yote. Ndiyo maana shamba la masika hupuliziwa karibu kila wiki, na shamba la kipupwe huweza kukaa siku 10 hadi 14. Mkulima asisahau kwamba kila mpulizo una siku za kusubiri kabla ya kuchuma, zilizoandikwa kwenye kibandiko, na kwamba anayepuliza kila wiki huku akichuma mara mbili kwa wiki yuko hatarini kumlisha mtu sumu. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote katika kilimo cha nyanya za mvua, kwa sababu mlaji hana namna ya kulijua.

Hata hivyo majani yanaweza kulindwa. Kisicholindwa ni mzizi. Mnyauko bakteria ni ugonjwa wa udongo wenye joto na maji mengi, na udongo wa bondeni katika Aprili una vyote viwili. Nilipanda robo tatu ya ekari kwenye bonde lenye udongo mweusi, mahali palipolimwa nyanya na bilinganya kwa miaka kadhaa kabla yangu, na hadi wiki ya saba shamba lilikuwa zuri kiasi kwamba wachuuzi walianza kuja kulitazama. Baada ya siku tatu za mvua likatoka jua kali, na adhuhuri ile mimea kama ishirini ikawa imelegea, majani yakiwa bado kijani kibichi, bila doa wala umanjano. Jioni ilisimama tena, nikafarijika bure. Siku ya nne ilikuwa imekauka, na mistari mingine miwili ilikuwa imelegea. Mzee wa shamba la jirani alikata shina moja karibu na ardhi, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa, na ndani ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kuteremka kutoka kwenye sehemu iliyokatwa. Kipimo hicho hakigharimu kitu, na kila mkulima anapaswa kukifanya kwa mmea wa kwanza kunyauka, kwa kuwa mnyauko unaotokana na kuvu hautoi uzi huo, na kwa kuwa hakuna dawa ya dukani inayoponya mnyauko bakteria, hata muuzaji aseme nini.

Bakteria hao huweza kuishi ardhini miaka mingi, na hupita kwa maji yanayotiririka, kwa jembe na kwa matope ya kwenye viatu. Ni kweli kwamba njia ya kuwazunguka ipo: World Vegetable Center, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga ambacho kina tawi lake Arusha, kimependekeza kwa muda mrefu kubebesha nyanya juu ya shina la bilinganya stahimilivu, hasa ile inayoitwa EG203, ambayo pia huvumilia udongo uliotuama maji kwa siku chache. Kazi hiyo inahitaji kitalu chenye kivuli na unyevu wa kudumu pamoja na mkono uliotulia, na mkulima anayeweza kuifanya au kununua miche iliyobebeshwa ana haki ya kuifikiria masika kwa jicho tofauti. Asiyeweza, na ambaye udongo wake umeshaonyesha uzi mweupe hata mara moja, nashauri asipande nyanya ya masika hapo kabisa, wala bilinganya ya kawaida, nyanya chungu, pilipili au viazi mviringo, kwa kuwa zote ni za ukoo mmoja. Apande mahindi, au mpunga kama maji hutuama.

Upande wa kipupwe si kwamba hauna vita. Ni vita vya aina nyingine, na kwa kiasi kikubwa huonekana kwa macho. Mkubwa wao ni kantangaze, nondo mdogo wa kijivu aliyetokea Amerika ya Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006 na kufika Tanzania na Kenya mwaka 2014, ambaye viwavi wake huchimba ndani ya jani na kuacha kati ya ngozi mbili utando mweupe wenye uchafu mweusi, hadi shamba lote huonekana kama limepitiwa na moto. Jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 200, na penye joto kizazi kizima hukamilika kwa wiki nne hivi. Mvua kubwa humpunguza, na hii ni faida halisi ya masika ambayo lazima ihesabiwe. Katika ukavu huongezeka mfululizo, na anayemsubiri hadi majani yaungue amechelewa, kwa kuwa kiwavi aliyeko ndani ya jani hafikiwi na dawa nyingi zinazobaki juu. Kinachosaidia ni kuanza mapema: mitego ya feromoni, yaani harufu inayovuta nondo dume, juu ya beseni la maji yenye sabuni tangu wiki ya kupandikiza, kung'oa na kuzika majani ya kwanza yaliyochimbwa, kutoacha mabaki ya nyanya za msimu uliopita yamesimama shambani, na kubadilisha viuatilifu kwa kundi la kiambato chake, si kwa jina la chupa, kwani majina mawili ya dukani mara nyingi ni dawa moja.

Pamoja na kantangaze kuna utitiri mwekundu, ambao hufuma utando laini chini ya majani wakati wa ukavu, na inzi weupe wanaoeneza virusi vya kukunjamana majani, ugonjwa ambao wakulima wengi huuita rasta. Hawa wawili hukua zaidi kadiri joto linavyopanda kuelekea Septemba na Oktoba, hivyo anayepandikiza Mei huwatangulia, na anayechelewa hadi Julai hukutana nao mimea ikiwa bado michanga, wakati ambapo virusi vina madhara makubwa zaidi. Wiki sita za kuchelewa zina uzito kuliko tofauti ya mbegu mbili ambazo watu huzibishania dukani.

Gharama kuu ya kipupwe ni maji, na hapa ni heri kuhesabu kuliko kukisia. Shamba lililofunika vizuri katika kipindi cha kuzaa hutumia milimita 4 hadi 5 za maji kwa siku. Milimita 1 juu ya ekari 1 ni lita 4,047, kwa hiyo milimita 5 ni takriban lita 20,000 kila siku, bila kuhesabu yanayopotea. Pampu ndogo ya petroli inayotoa kwa kweli lita 300 kwa dakika hufikisha kiasi hicho kwa saa 1 na dakika chache. Kwa umwagiliaji wa mifereji, ambapo karibu nusu ya maji huweza kuzama pasipohitajika, muda huo na petroli yake huwa maradufu, wakati mipira ya matone huokoa sehemu kubwa na huacha majani yakiwa makavu. Maji yasiyo na mpangilio yana adhabu yake: mmea uliokaushwa siku tano kisha ukafurikishwa hushindwa kupeleka kalisi kwenye tunda, na kitako cha tunda hugeuka cheusi na kubonyea ndani, hata kama udongo una kalisi ya kutosha. Matandazo ya nyasi kavu au maganda ya mpunga hupunguza tatizo hili kwa gharama ndogo sana. Asiye na kisima, mto au bwawa lenye maji hadi Septemba hana kipupwe cha kuchagua, na huo ndio ukweli.

Sasa bei, ambayo ndiyo inayowavuta watu kwenye masika. Ni kweli kwamba Aprili hadi Juni nyanya huadimika na bei katika soko la Ilala jijini Dar es Salaam hupanda, na ni kweli pia kwamba Agosti na Septemba kila bonde linachuma kwa wakati mmoja na dalali ndiye anayetaja bei. Lakini bei huzidishwa kwa idadi ya makreti. Tuchukulie shamba linalotoa makreti 300 katika kipupwe hutoa 120 katika masika kwa sababu ya maua yaliyopukutika, matunda yaliyopasuka na mimea iliyonyauka. Bei ya masika ikiwa mara mbili na nusu ya ile ya kipupwe, mapato ya misimu yote miwili yanalingana kabisa, na hapo bado hatujaondoa viuakuvu vya kila wiki. Bei ikiwa mara mbili tu, masika imeshindwa. Bei ikifika mara tatu, masika imeshinda, ila kwa sharti kwamba barabara ya kutoka shambani inapitika, kwani nyanya iliyojaa maji ya mvua ina ngozi laini na haivumilii kukaa siku mbili ndani ya tenga ikisubiri gari lililokwama kwenye matope. Mkulima aandike makreti yake mwenyewe ya misimu miwili au mitatu, kisha agawanye. Hesabu ya jirani yake haimfai.

Kuhusu mbegu nitasema machache. Kwa kipupwe, aina fupi zenye ngozi ngumu kama Tanya, Cal J na Rio Grande zinatosha kwa mkulima mdogo, hazihitaji kusimikiwa miti mirefu, na huvumilia safari. Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997 kutokana na utafiti wa Tengeru, Arusha, zilichaguliwa kwa kuangalia mahitaji ya huku kwetu, na Tengeru 97 ina ustahimilivu wa minyoo fundo, wale wanaotia mizizi vinundu, sifa inayofaa katika udongo wa kichanga wa pwani. Mbegu chotara zenye ustahimilivu wa virusi zinastahili bei yake pale inzi weupe walipo wengi, yaani kwa anayelazimika kupanda kwa kuchelewa. Kwa masika ningechagua aina ndefu, isimikiwe miti na kufungwa kamba, na machipukizi ya kwenye makwapa ya majani yaondolewe, kwa kuwa mmea uliosimama hukauka haraka baada ya mvua na matunda yake hayagusi matope.

Huulizwa pia juu ya kitalu nyumba kama njia ya kuikwepa masika. Katika nyanda za chini nyumba iliyofungwa kwa nailoni pande zote hutatua tatizo la mvua na kuleta la joto, na mnyauko ukiingia ndani yake huna mahali pa kuuhamishia mmea. Paa la nailoni lenye pande zilizo wazi au zenye wavu ni afadhali zaidi, na kwa robo ya ekari linaweza kugharamiwa na wakulima kadhaa kwa pamoja. Na anayeuliza kuhusu kuchanua katika kaskazi, Januari na Februari, jibu langu ni fupi: bamia, kunde na matikiti hulipa zaidi katika joto hilo.

Hivyo basi, mwenye maji ya uhakika na ardhi ya bondeni achague kipupwe, na ajitahidi kupandikiza kabla ya tarehe 25 Mei, kwa sababu anayeanza kuchuma Julai huuza wiki mbili au tatu kabla soko halijafurika, na faida ya msimu mzima mara nyingi imo katika wiki hizo. Asiye na maji, lakini mwenye shamba la mteremko lisilotuamisha maji na ambalo halijawahi kulimwa mazao ya ukoo wa nyanya kwa miaka mitatu au zaidi, anaweza kuchagua masika kwa moyo mkunjufu, mradi ainue matuta sentimita 30, achimbe mitaro ya kupitisha maji kando ya mteremko, na asizidi robo ya ekari kwa kila mtu mmoja wa kupulizia, kwa kuwa shamba la mvua halisubiri hadi kesho. Mwenye vyote viwili, maji na mteremko, ningemshauri agawe: sehemu tatu kipupwe, sehemu moja masika, mashamba hayo mawili yakae mbali kiasi kwamba maji ya moja hayatiririki kuelekea lingine, na majembe yaoshwe kati yao.

Kitalu cha kipupwe huanzishwa mvua zikiwa bado zinanyesha, na hapo ndipo wengi huharibu mpango mzuri. Kiinuliwe, kiezekwe nailoni juu kwa upinde na kuachwa wazi pembeni, kisifunikwe na wavu mnene unaoshikilia unyevu, na udongo wake utoke mahali ambapo nyanya haijawahi kuota. Mbegu ipandwe katika mistari iliyoachana sentimita 15, miche ipunguzwe inapotoa jani la pili la kweli, na wiki ya mwisho maji yapunguzwe ili shina liwe gumu na nene kama kalamu. Mche mrefu, mwembamba, wa rangi ya kijani kilichofifia, uliong'olewa kwa haraka kwa sababu jirani ameshapanda, huchukua wiki mbili kushika shambani, na tarehe 25 Mei huwa imeshapita.